Majiko Mawili Chini ya Dirisha Moja

Jumatatu, tarehe kumi na tisa Aprili. Mvua ilikatika alfajiri, ikaacha wingu zito na uwanja wa shule uliojaa tope.

Fundi cherehani alisali akiwa bado ameketi kwenye mkeka, kisha akatoka darasani walimohifadhiwa kuwasha moto wake chini ya dirisha. Hatua chache kando yake, chini ya dirisha lile lile, wifi yake alikuwa akipuliza wa kwake. Hawakusalimiana.

Walikuwa saba katika darasa lile tangu mafuriko yabomoe nyumba yao: Fundi na wanawe wawili, wifi yake na wanawe wawili, na mama mkwe, ambaye kifua kilikuwa kikimbana. Tangu mume wa Fundi afariki, chungu chao kilikuwa kimoja.

Lakini shirika la misaada lilihesabu familia kwa majiko. Wanaopika pamoja ni familia moja, wanapata fungu moja la unga, maharage na mafuta. Wifi aliposikia hivyo, alimvuta Fundi pembeni.

"Wifi, tugombane."

"Kisa?"

"Chochote, mradi watu wasikie. Tukitengana tunapata mafungu mawili."

Wakachagua chumvi. Fundi alianza huku akibana kicheko, ila Wifi alikuwa na kipaji. Alitangaza kwamba mboga ya Fundi inafaa kuhifadhia samaki. Watu wakacheka. Akaona wanacheka, akaongeza kwamba marehemu kaka yake, mume wa Fundi, alikuwa akipita kwake kula kwa siri kila atokapo kazini. Hilo halikuwamo kwenye mapatano. Fundi naye akajibu nje ya mapatano: mume wa Wifi alikimbia nyumba, na hakukimbia chumvi.

Wifi akabeba sufuria lake, akaondoka. Mafungu mawili waliyapata, na tangu hapo hawakusemeshana tena.

Asubuhi hiyo msimamizi wa ugawaji, waliyemwita Mabuti kwa sababu ya mabuti yake ya mpira, alisimama juu ya benchi. Shule inafunguliwa, madarasa yaachwe kabla ya jioni. Familia ya watu sita na kuendelea itapewa hema. Iliyo ndogo itapewa turubai.

Turubai halina ukuta. Mama mkwe alikohoa mpaka akashika mlango.

"Wanangu," alisema alipopata pumzi, "kifua changu hakijui mambo ya chumvi."

Fundi akaenda kwenye meza ya Mabuti.

"Bwana, sisi ni familia moja. Tuko saba."

"Nyie? Si nyie wa chumvi?"

Foleni ikaangua kicheko.

"Tulikuwa tunatania."

"Na lile la mume kukimbia, nalo utani?"

Njiani kuja mezani alikuwa amemwomba Mungu hema. Hakuwa amemwomba uongo wa pili wa kulipatia.

"Hapana," alisema. "Ugomvi tuliutunga ili tupate mafungu mawili. Halafu ukawa wa kweli."

Mabuti alivua kofia, akajikuna.

"Basi fungu moja lirudi hapa. Na mwenzako aje aseme kwa kinywa chake. Sigawi hema leo, kesho nikute mmeligawa kwa shuka katikati."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Wifi alikuwa akipita kando ya foleni, unga wa fungu lake kichwani. Aliutua mezani.

"Nimeshaupunguza kidogo," alimwambia Mabuti. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye unga, "Kaka hakuwahi kula kwangu kwa siri. Hilo nililibuni."

"Kumbe na wewe unatia chumvi!" sauti ikatoka nyuma.

Wifi hakucheka. Fundi alimtazama, akaona macho yake hayabanduki kwenye unga, akajua kwamba lile neno la mume kukimbia bado liko mahali alipolitupa yeye.

"Haya," alisema Mabuti. "Nasikiliza."

Fundi aligeuka, akaipa meza mgongo ili foleni yote imwone.

"Mbele za Mungu na mbele yenu nyote: tutapika jiko moja, na chumvi ataitia wifi yangu. Na lile neno nililomwambia, halitatoka tena kinywani mwangu."