Mtani wa Marehemu Profesa

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile Ziada alizigusa. Nilimrudishia insha yake mbele ya darasa zima, pale kwenye kituo chetu cha Masasi ambako tunafundisha mwaka wa msingi, yaani mwaka wa kuwaandaa watu waliomaliza shule zamani ili wakasome chuo kikuu.

"Mama Faidha," nikamwambia, "niliomba uhakiki, wewe umeniletea dua. Umemsifu profesa ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Hana kosa hata moja?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Ni mwanamke mzima, kanizidi umri, analima korosho Chiungutwa na kushona nguo, na anaitaka sosholojia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Insha ya mwisho wa mwaka huruhusiwa kurudiwa mara moja tu, na hii ya kwanza alikuwa ameshafeli. Akifeli na ya pili, chuo kikuu ndiyo basi, maana mumewe alikubali kumvumilia mwaka mmoja na alishasema haongezi mwingine.

Wanafunzi walitakiwa kusoma sura ya kitabu cha profesa mmoja aliyewahi kufanya utafiti Newala, kisha waseme kapatia wapi na kakosea wapi. Profesa alidai kwamba unyago ndio unaowatoa wasichana shuleni. Nilijua Ziada ana la kusema. Yeye mwenyewe alichezwa unyago, binti zake wamechezwa, na mkubwa wao yuko kidato cha tano.

Baada ya kipindi nikamfuata nje. "Kwa nini hukuandika unachokijua?"

"Mwalimu, yule mzee keshafariki. Nimeona kwenye simu. Marehemu hasemwi."

Nilichemka. "Vitabu vyote vya chuo kikuu vimejaa marehemu! Tukiwanyamazia wote tutajifunza nini?"

"Sawa, Mwalimu," akasema, macho chini.

Sawa ya namna hiyo naijua sasa. Maana yake ni kwamba sijakubali, ila wewe ni mwalimu wangu. Mimi ni mtu wa Mbeya. Kwetu mtu akikataa, hata jirani wa tatu anasikia. Nilirudi nyumbani nimeudhika, na zaidi ya kuudhika nilikuwa na hofu, kwa sababu nilimpenda yule mama na niliona anazama hivi hivi kwa adabu.

Wiki hiyo hiyo baba mkubwa wa Nikolao, mwanafunzi wetu mwingine, alifariki kule Lukuledi. Aliitwa Mzee Bartholomayo. Tukaenda kuzika, darasa zima. Nilipofika nilimkuta Ziada amekwisha kufika tangu alfajiri. Amefagia uwanja, amechota maji, amefunga kanga kiunoni na anasonga ugali kwenye sufuria ambalo mimi ningeingia nikaenea. Nikamuuliza Nikolao kama wana undugu.

"Hapana. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani."

Wageni walipokwisha kula, Ziada akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka amevaa kofia ya marehemu na kusukuma baiskeli yake. Akatembea kwa kuchechemea kama marehemu, akasimama mbele ya wafiwa.

"Mnataka pampu?" akaunguruma. "Siazimi! Mtaumaliza upepo wake!"

Watu wakaangua kicheko. Akaendelea. "Na nyie vijana, acheni uraka, hii pombe ya mabibo, ni dhambi!" Kisha akanusa hewani, akageuza baiskeli, akafuata harufu mpaka kwenye mtungi wa jirani, akajifanya anaonja "ili kuhakikisha kama ni dhambi kweli." Mjane, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu asubuhi, alicheka mpaka akamshika Ziada mguu. Kisha akalia, na Ziada akaketi naye chini, akalia pia.

Mimi nilibaki nimeduwaa. Kusema kweli niliona wivu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha uhakiki sijawahi kuufanya vizuri hivyo.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamvaa. "Marehemu hasemwi, eh?"

Akacheka. "Huyu mimi mtani wake, Mwalimu. Na mtani hasemi bure. Nimemchotea maji, nimewapikia watu wake. Ningekuja nikakaa tu kwenye mkeka halafu nifungue mdomo, wangenifukuza, na wangefanya vizuri."

"Kwa hiyo anayefanya kazi ya msiba ndiye anayeruhusiwa kusema."

"Ndiyo."

"Profesa naye, ni nani aliyemfanyia kazi?"

Ziada akaacha kusugua sufuria. Sikuongeza neno, na mnaonijua mtaelewa ilivyonigharimu. Akasema polepole, "Basi kwanza nimpikie."

Insha ya pili ilianza kwa kumpikia. Aliieleza hoja ya profesa kwa uaminifu, akaipanga vizuri kuliko alivyoipanga profesa mwenyewe, akataja kila alipopatia, pamoja na wasichana wa Makote walioacha shule kweli baada ya ngoma. Ndipo akavaa kofia. Profesa, aliandika, aliwauliza akina baba na walimu wakuu. Lakini unyago ni wa wanawake, na baba haingii. Alisimama nje ya ua akasikia ngoma, akaandika kana kwamba aliiona.

Nikaruka kwa furaha jikoni kwangu. Kisha furaha ikakatika. Wanaorudia hutetea insha zao mbele ya msahihishaji kutoka makao makuu, na safari hii alikuja Dakta Christopher, ambaye profesa ndiye aliyemlea tangu akiwa mwanafunzi.

Ziada akamwamkia, akaketi. Dakta alishika insha bila kuifungua. "Unamsema mwalimu wangu. Ulimfahamu?"

"Sikumfahamu, Dakta. Nimemsoma mpaka kurasa zikalegea. Kuna sentensi zake nikizisoma nasikia anavyopumua." Akainua macho. "Ningekuwa simheshimu, ningemsifu tu nikaondoka."

Dakta akaufungua ule ukurasa wa akina baba, akausoma tena mbele yetu, taratibu, mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Tulikuwa wanafunzi wengi kwenye ule utafiti," akasema. "Tulisimama naye nje ya ua. Wote tulijua, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia."

Akaandika alama ya kufaulu juu ya insha, kubwa, kisha akamwomba Ziada nakala yake, ampelekee mjane wa profesa.