Makovu ya Josiane

Josiane Delvigne alikuwa akipaka siagi kwenye mkate alipohisi ubavu wake wa kushoto ukilowa. Akainua sweta. Ngozi ilikuwa imefunguka, mstari ulionyooka wenye urefu wa kigasha. Haikuuma.

"Ni Florine huyo," alimwambia mumewe, Ghislain. "Anazaa leo."

Ghislain akampigia simu daktari wa mifugo, kisha akamalizia kahawa yake.

Ng'ombe wao weupe hawakuzaa wenyewe, wala hakuna mtu wa eneo lao la Condroz aliyeshangazwa na hilo. Kwa miaka ishirini Ghislain alichagua madume wa kuwapandisha, mpaka ndama wakawa na mapaja mapana kuliko njia ya kutokea. Nyama yao ilikaribia kukosa mafuta kabisa. Baba yake na kaka yake walifia mezani, mishipa ya moyo imeziba, naye akaapa kwamba mtu hatakufa kwa nyama iliyotoka kwake.

Mwaka uliopita kila ng'ombe aliyepasuliwa ili ndama atolewe alimwachia Josiane kovu. Mwaka huu jeraha lake lilianza kutangulia kisu.

Daktari Wauthier alifika, akanawa, akampasua Florine, ng'ombe akiwa amesimama, macho wazi, akamtoa ndama. Alipomshona ng'ombe, ubavu wa Josiane nao ukajifunga kwa uzi uleule wa buluu.

"La kumi na tisa," daktari akasema akilitazama. "Limekaa vizuri."

"Mke wangu anaishinda kalenda," Ghislain akatania.

"Cheka tu. Siku daktari akichelewa, mimi nitashonwa na nani?" akasema Josiane.

Ndama alijaribu kusimama, mapaja yakamlemea, akaanguka.

Ghislain akafungua orodha ya madume, akawaonyesha fahali mwenye mgongo mpana kama meza. "Mafuta ya huyu ni nusu ya hawa wetu. Mgonjwa wa moyo atakula bila wasiwasi."

"Na ndama wake watatokaje?" Josiane akauliza.

"Si Wauthier yupo?"

Daktari akamgeuza Josiane taratibu, akambonyeza ubavu wa kulia kwa vidole vitatu, kama apimavyo ng'ombe. Huko ngozi ilikuwa bado nzima.

"Nafasi ipo," akasema. "Makovu kumi yataingia. Tukibana, kumi na mbili."

Ghislain akaandika jina la fahali. Josiane akashusha sweta. Akakunja mikono kifuani, akamuuliza daktari kama atakunywa kahawa.