Katambuga za Hermelinda

Kwa miaka ishirini na sita Hermelinda hakuwahi kukata mwenyewe katambuga zake, viatu vya tairi. Hiyo ilikuwa kazi ya mumewe, Bonifacio, tangu wiki waliyooana.

Mwaka ule, wiki tatu kabla ya mbio za wanawake, Bonifacio aliteleza korongoni akiteremsha mbuzi, akavunjika mkono wa kulia. Mganga akaufunga kwa vijiti, akamkataza kushika kisu mpaka mvua ziishe. Na Hermelinda alikwisha kutoa neno kuwa atakimbia na wanawake wa upande wao, akirusha kwa kijiti pete ya ufito uliopindwa duara na kuifuata mbio, tangu asubuhi hadi alasiri.

Shemeji yake alijitolea kumkatia. Hermelinda akakataa kwa adabu. Akaburuta tairi kuukuu la lori kutoka nyuma ya zizi, akaketi mlangoni, akaanza kulichana. Bonifacio alikaa karibu, mkono umening'inia kifuani, akijikaza asiseme neno. Hakuweza.

"Mke wangu, unalikata au unalibembeleza?"

"Kaa na mkono wako huko."

Lakini alimsikiliza. Akaambiwa asikate juu ya mstari wa mkaa aliouchora kuzunguka unyayo wake, aache nafasi kidogo, maana mguu ukikimbia hutanuka. Akaonyeshwa pa kutoboa: tundu moja karibu na kidole gumba, mawili ubavuni mwa kisigino. La kwanza alilitoboa mbele mno, vidole vikachungulia nje. Akakitupa kipande kile, akaanza upya. Jua lilipoinama alipitisha kanda za ngozi ya mbuzi, akazizungusha vifundoni, akasimama.

Bonifacio akachutama, akazikagua pande zote kwa mkono wake mzima.

"Ya kushoto imekaa vizuri kuliko zote nilizokukatia mimi," akasema taratibu.

Hermelinda alikuwa akitazama viganja vyake. Vilikuwa vimetoka malengelenge, na mawili yamepasuka.

"Mbona hujawahi kuniambia kazi hii inauma hivi?"

"Ungezivaa kwa huruma. Mtu hakimbii kwa huruma."

Hermelinda akamsogelea, wakakaa bega kwa bega mpaka mbuzi wakaanza kulia kutaka kufungiwa.

Siku ya mbio alikimbia vizuri mizunguko mitatu. Wa nne, kwenye mawe ya kijito, ukanda wa kulia ukakatika. Bonifacio, aliyekuwa akimfuata kandokando na kibuyu cha maji ya unga wa mahindi, akaweka kibuyu chini. Yeye akashika ncha moja, mkewe akavuta nyingine, wakafunga fundo kwa mikono mitatu. Wapinzani wakapita. Hermelinda akawafukuza mpaka mwisho, wala hakuwapata. Akaenda kuitoa sketi mpya aliyoiweka dau na mmoja wa wapinzani kabla ya mbio, akamkabidhi huku wakicheka wote wawili.

Wiki iliyofuata alikata jozi nyingine, kubwa, kwa ajili ya Bonifacio. Jumapili mumewe alizivaa kanisani, suruali kaikunja juu kidogo. Baada ya ibada akauzunguka uwanja mzima akisalimia watu, hata wale aliokwisha kuwasalimia, na kila aliyeinamisha macho kumtazama miguuni aliambiwa nani amezikata.