Plagi Iliyopigiwa Kura

Fundi Nderitu alikuwa amesema mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, na mara ya nne alisema kwa vidole: masaa mawili. Injini ya mashine ya kumenya kahawa ipoe masaa mawili, ndipo aiguse plagi.

"Masaa mawili?" Mzee Kihara, mwenyekiti wa kamati ya kiwanda, alitoa macho. "Kwani fundi hauoni hii foleni?"

Aliiona. Nani asingeiona? Wanawake zaidi ya thelathini walikuwa wamejipanga kutoka mlangoni hadi darajani, kila mmoja na kahawa mbivu aliyoichuma tangu alfajiri. Kahawa ya leo humenywa leo. Ikilala kwenye gunia inachacha, karani anaikataa, nawe unarudi nayo nyumbani ukaianike na maganda yake iwe mbuni, bei ya kutupa. Ndiyo maana Nderitu alitoka gereji yake ya Majengo, Nyeri, akapiga baiskeli mpaka huku bondeni, jua la saa nane likimchoma kisogo.

Na ndiyo maana hakutaka papara. Plagi za injini hii alizijua sana, mbovu zote, shingo nyembamba na chuma cha ovyo. Ukiifungua moja injini ikiwa moto, kichwa kinatoka na spana, mguu unabaki ndani. Msimu uliopita mguu mmoja wa namna hiyo ulimla siku mbili nzima. Basi alimimina mafuta ya taa kuizunguka ile plagi iliyokufa, akakaa juu ya debe, akafunga mikono.

"Wacha mafuta iingie polepole," alisema. "Saa kumi natoa, saa kumi na nusu mnamenya. Mtamaliza yote."

Mbele kabisa ya foleni alikuwa Wangechi, mjane mwenye watoto watano. Alikuwa na magunia mawili, na ndiyo mavuno yake yote, maana ugonjwa ulikuwa umemmalizia mikahawa. "Mwachieni fundi afanye kazi yake," alisema. "Tumengoja tangu saa sita, hata hiyo tutangoja."

Lakini kamati ni kamati. Wazee saba walikaa kwenye benchi kujadili plagi. Plagi, jamani! Mmoja aliuliza kama haiwezi kumwagiwa maji baridi. Mwingine, Theuri, ambaye spana hajaishika ila kumpokeza mtu, alieleza kwamba mafundi wa mjini huchelewesha kazi makusudi. Kisha mikono ikapanda juu: watano walitaka plagi itoke sasa hivi, wawili walitaka ingoje.

"Imepita," Mzee Kihara akatangaza.

"Imepita wapi?" Nderitu aliruka, mori umempanda. "Wazee, hii ni chuma! Ati chuma inapigiwa kura?"

"Usitupigie kelele. Lete hiyo spana."

"Sileti."

Mzee akaichukua mwenyewe kwenye mfuko wa vifaa. Akakunja mikono ya koti, akavuta. Wapi! Akavuta tena kwa uzito wa tumbo lake lote. Tak!

Foleni nzima ikasogea kutazama. Ndani ya spana mlikuwa na kauri nyeupe na kichwa cha plagi.

"Imetoka," Mzee Kihara alisema.

"Imetoka? Chungulia hiyo shimo, mzee! Mguu iko wapi? Ngai, kwani mimi nilikuwa naongea na nani hapa?"

Nderitu aligonga tindo mpaka giza likaingia, na mguu haukucheza hata kidogo. Akarudi mjini akiongea peke yake njia nzima. Kesho yake asubuhi alikuja na chuma cha pembe nne alichokinoa kwa tupa, akakipigilia ndani ya ule mguu, akazungusha taratibu. Saa tatu ukatoka. Akafunga plagi mpya na injini ikanguruma, lakini hakuna aliyeshangilia.

Karani alifungua gunia la Wangechi, akainamisha pua, akarudi nyuma. "Hii haiingii, mama. Hata zile zingine." Alisema kwa sauti ya chini, maana mama yake pia alikuwa kwenye foleni.

Mzee Kihara alikohoa. "Ni bahati mbaya tu, akina mama. Plagi ilivunjika yenyewe."

Nderitu alifungua mdomo, lakini Wangechi alimtangulia. Alilikokota gunia moja hadi miguuni mwa mwenyekiti. Juu yake akaweka mkanda wake wa ngozi wa kubebea mizigo, ule unaopita kwenye kipaji cha uso, ambao ni wa wanawake, na mwanamume wa huku hata kuushika haushiki.

"Jana nilishuka na mzigo nikijua nitapanda nyumbani mikono mitupu," alisema. "Leo sina nguvu ya kurudi nao. Lakini wewe uko na nguvu, mzee. Sisi wote tuliona."

Mzee aliwageukia wenzake, nao walikuwa wakitazama viatu vyao. Akaugeukia mlango, na pale walikuwa wamesimama wanawake thelathini, wala hakuna aliyempisha. Mwishowe alivua kofia, akapiga magoti mbele ya gunia, na Wangechi akamwekea mkanda kwenye kipaji, akaukaza vizuri usimchubue.