Sambu Anakunywa Olbalbal

Jumatano moja ya mwezi wa saba, mwaka 1983, Dakta Marsela Tluway alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya Nanyokie, kule Olbalbal, akiuliza habari za ng'ombe aliyekufa.

"Alikuwa na rangi gani, yeyo?" aliuliza, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Madoadoa. Jina lake Sambu. Pembe moja ilitazama chini."

"Alikuwa na ndama?"

"Alikuwa naye. Ndama alitangulia, mama yake akafuata."

Marsela aliandika, kisha akauliza habari za mwingine. Nanyokie alikuwa mjane, na ukame ulikuwa umemwachia mbuzi tu na punda mmoja.

Marsela alikuwa mhadhiri wa hisabati chuo kikuu, Dar es Salaam. Alizaliwa Karatu, kwa wakulima wa ngano, mahindi na maharage, na hakuwa mtu wa kusitasita. Mwaka ule kamati ya utafiti ya chuo ilimpa ufadhili ambao wahadhiri wengi waliuomba: mwaka mzima bila kufundisha, na nafasi kwenye kompyuta kila wiki. Aliupata kwa sababu swali lake lilieleweka hata kwa wajumbe waliokuwa wakisinzia. Mradi wa maji ulikuwa umewaahidi watu wa Olbalbal kisima kirefu, ukasimika nguzo ya chuma mahali pa kuchimba, ukaondoka. Marsela alitaka kujua kwa hesabu ni ng'ombe gani wangepona kama kisima kingechimbwa kabla ya ukame.

Kule chuoni, chumba cha kompyuta kilipoozwa kwa mashine hata kikashinda ubaridi wa Karatu. Marsela alifanya kazi amevaa sweta la mama yake. Kila ng'ombe alimtobolea kadi yake, maana kompyuta ile ilisoma matundu ya kadi. Alitoboa kadi za mvua, za majani na za umbali wa kutembea, kisha akatoboa ya kisima, akakiweka pale penye nguzo. Mashine ilinguruma mchana kutwa, na ilipotoa jibu, jibu lilikuwa kwamba wengi wangepona. Marsela alizifunga kadi kwa mpira, akazifungia kabatini, akaenda kula wali.

Siku hiyohiyo, saa ya mifugo kurudi, ng'ombe waliokufa waliingia Olbalbal. Walikuja kwa mstari, bila mchungaji, na kila mmoja akashika njia ya boma lake. Nanyokie alikuwa akipanga miiba ya kuziba mlango. Alimwona Sambu na pembe yake iliyotazama chini, na ndama nyuma yake. Aliisogeza miiba, akawapisha, kisha akaenda kutafuta kibuyu cha kukamulia.

Asubuhi ng'ombe hao walikwenda kwenye nguzo, wakainamisha vichwa juu ya ardhi kavu, wakanywa. Walipoinua vichwa, midomo ilikuwa ikidondosha maji. Ng'ombe waliokuwa hawajafa walisogea wakaramba vumbi. Parsimei, mwenyekiti wa kijiji, alilala kifudifudi kando ya fahali mmoja akajaribu kunywa, akapata mchanga mdomoni. Aliinuka, akajipangusa, akasema maji yale si ya kila mtu.

Maziwa, hata hivyo, yalikuwa ya kila mtu. Watoto wa Olbalbal walianza kunenepa. Maji ya kupikia na ya kunywa wanawake waliendelea kuyafuata chini ya milima kwa punda, wakiondoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali.

Habari zilimfikia Marsela alipokwenda likizo kwao Karatu. Kaka yake, Patrisi, alikuwa ametoka kuuza mahindi kule bondeni, Olbalbal.

"Ng'ombe wako wamerudi," alimwambia, akivua buti.

"Wamenona?"

"Sana."

"Hesabu iko sawa basi," alisema Marsela, na kesho yake akapanda lori la mahindi.

Alimkuta mhandisi wa mradi, Ndugu Wilibrodi, amesimama penye nguzo na Parsimei. Mhandisi aliwatazama ng'ombe walivyong'aa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ndugu Mwenyekiti, mifugo yenu ina afya nzuri. Hapa kisima hakina haraka. Tutapeleka mtambo kwingine."

"Hawa walikufa kwa kiu, Ndugu," alisema Parsimei.

"Lakini sasa wanakunywa."

"Wao, ndiyo. Sisi je?"

Sambu akasogea, mhandisi akapiga hatua ya kumpisha, na kiatu chake kikazama katika ardhi ile kavu hadi kwenye kifundo. Alikivua, akamimina maji, akaikamua soksi. Kisha akaandika kwamba sehemu ile ni kavu lakini mifugo haina shida, akaingia kwenye Landrova na mguu mmoja peku.

Siku ile Marsela alikaa tena kwenye kigoda cha Nanyokie.

"Yeyo, ninaweza kuitoa kadi ya kisima. Nikiitoa, ng'ombe wataondoka. Wakiondoka, mradi hautakuwa na la kusema. Huenda wakachimba."

"Huenda?"

"Huenda."

Nanyokie alikuwa akimkamua Sambu. Hakuacha.

"Nilishamlilia huyu mara moja, mwanangu. Nimlilie tena ili wakubwa waamini? Walimwona akifa, hawakuchimba. Wamemwona hai, hawachimbi. Kama kuchimba kwao hakumtegemei, mwache anywe."

Marsela hakuona kosa katika hoja hiyo. Alikunywa maziwa aliyopewa, akarudi Dar es Salaam, na kabati hakuligusa.

Mbele ya kamati alieleza utafiti wake kwa sauti ya darasani, bila kumung'unya maneno. Alisema hesabu ilikuwa sahihi, ng'ombe walikuwa ushahidi, na kisima hakikuwepo. Wajumbe walipiga makofi. Mjumbe kutoka mradi wa maji aliuliza kama mbinu hiyo ingefaa pia Piyaya, kijiji kingine kilichoahidiwa kisima, maana kadi husafirishwa kwa urahisi kuliko mtambo wa kuchimbia.

"Inafaa," alisema Marsela. "Lakini sitoboi kadi ya Piyaya mpaka mchimbe Olbalbal."

Kamati ilimsifu kwa msimamo wake, ikampa ufadhili uliofuata mhadhiri mwingine, kijana mchapakazi aliyetoboa kadi bila haja ya kusafiri. Baada ya masika ng'ombe walianza kurudi Piyaya pia, wakiwa wanono, na mradi ukahamishia mtambo wake wilaya nyingine. Kazi ya Marsela ilichapishwa. Wanafunzi waliisoma, wakaipenda, na yeye alikuwa na kila sababu ya kuringa, akaringa kidogo.

Likizo iliyofuata alirudi Olbalbal. Alfajiri aliwakuta wanawake wakifunga madebe migongoni mwa punda. Nanyokie alikuwa mbele.

"Takwenya, yeyo," Marsela alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia Nanyokie. "Umekuja kuuliza nini safari hii?"

"Siulizi. Nipe debe."

Nanyokie akampa. Wakaondoka. Penye nguzo ng'ombe walikuwa wameshafika, wanakunywa kwa mikupuo mirefu, na punda wakavuta kamba kuelekea kule. Wanawake waliwarudisha njiani, wakawasalimu ng'ombe kwa majina yao, wakaendelea kwenda kutafuta maji.