Tufaha la Chini ya Pipa

Thea alikuwa na miaka minane, hana meno mawili ya mbele, na alikuwa ameapa kushinda mchezo wa matufaha. Kaka yake Everett aliposikia alicheka hadi akashika mbavu. Alitaka kujua atang'ata kwa kitu gani, kwa fizi?

Kila Halowini, sikukuu ya watoto kuvaa mavazi ya kutisha na kuomba peremende, nyuma ya kituo cha zimamoto watoto wa mtaa walicheza kabla giza halijaingia. Waliviringisha maboga mteremkoni, wakashindana kula donati zinazoning'inia kwenye uzi, mikono nyuma. Lakini mchezo wenyewe hasa ulikuwa pipa la maji lenye matufaha yanayoelea. Wa kwanza kutoa tufaha kwa mdomo ndiye aliyebeba taa ya boga lililochongwa na kuongoza msafara wa kuomba peremende nyumba kwa nyumba.

Miaka miwili mfululizo taa ilikuwa ya Everett, naye akiongoza hatembei, anakimbia. Mwaka jana mdogo wao Junie, vijiguu vyake vifupi, aliachwa kwenye kona, akarudi nyumbani analia na mfuko mtupu. Mwaka huu alisema haendi ng'o. Jambo hilo lilimkera Thea kuliko pengo lake.

Tena kulikuwa na uso wake. Mama yao alikuwa ameshinda asubuhi nzima akimchora madoa ya chui, akamwonya asiuloweshe kabla majaji wa shindano la mavazi hawajamwona.

Ujanja wa Everett ulijulikana na kila mtu: hang'ati tufaha, anang'ata kikonyo chake. Mwaka huu Bi Lindqvist, msimamizi wa pipa, alikuwa amevinyofoa vikonyo vyote, na alipokuwa akieleza sheria alimtazama Everett kwa pembe ya jicho. Everett akajikohoza.

Filimbi ikalia. Weh, maji yalivyoruka! Everett alifukuza tufaha lake huku na huku, kila akiligusa linamteleza. Thea naye alijaribu kwa upole, kwa ncha ya midomo, akilinda madoa yake. Tufaha likamgonga pua na kwenda zake.

"Mwacheni chui wa watu," Everett alisema huku anatema maji. "Anaogopa kuoga."

Thea akamwona Junie pembeni, amejikunja ndani ya vazi lake la bundi, mfuko wake ameukunja kama hana haja nao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Thea hakuinama tu, alizama. Alitumbukiza kichwa kizima, akalisukuma tufaha kwa paji la uso mpaka likagota chini ya pipa, lisiwe na pa kukimbilia. Hapo akalikaba kwa meno ya pembeni, yale aliyokuwa nayo.

Aliibuka anatiririka maji, tufaha mdomoni, madoa ya chui yamechuruzika hadi shingoni. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Mama yake alifungua kinywa kugomba, akakifunga, kisha akaanza kupiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Taa ikawashwa. Thea aliipokea, akaenda moja kwa moja kwa Junie.

"Fungua mfuko wako. Unatembea na mimi mbele."

"Mimi natembea polepole," Junie alisema.

"Basi huo ndio mwendo wetu."

Msafara ukaanza, wachawi na mizuka na maharamia wakijibana nyuma ya bundi mdogo anayehesabu ngazi za kila baraza. Kutoka nyuma Everett alipaza sauti kwamba kwa mwendo huu watafika peremende zimeisha.

"Zikiisha," Thea alimjibu bila kugeuka, "zitatuishia sote."