Jini Mwenye Hatimiliki

Zamani Ziad Bahasani alitunga michezo ya kuigiza. Wa mwisho, uliochezwa katika ukumbi wa Tononoka, ulimhusu tajiri mmoja wa kweli aliyedai nyumba za Mji wa Kale kwa hatimiliki ya uongo. Kila tajiri akinena jukwaani, "Nyumba hizi zangu," ukumbi mzima ulimjibu, "Muongo!" Mchezo haukumaliza wiki, ukapigwa marufuku. Nyumba zikabomolewa.

Tangu hapo Ziad aliandika riwaya za kutisha. Humo alimgeuza yule tajiri kuwa jini, mwenye maneno yale yale, na hakuna aliyemgusa Ziad. Wakubwa hawaogopi majini. Wanaogopa watu wakiitikia pamoja. Msomaji wa riwaya hujifungia chumbani, akatetemeka peke yake.

Jumamosi moja alikuwa dukani akitia saini riwaya yake mpya.

"Mwalimu, nimelala taa zinawaka!" alisema Shahd, msichana aliyekuwa mbele ya foleni. "Jini huyu umemtoa wapi?"

Jina la tajiri lilimfika Ziad mdomoni. Akalimeza, kama alivyozoea.

"Nimembuni tu, mwanangu."

"Muongo!"

Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa Bi Zubeida, aliyeigiza mama wa nyumba inayobomolewa katika mchezo ule, na baadaye nyumba yake mwenyewe ikabomolewa kweli. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa duka. Bi Zubeida akangoja, uso juu, wengine waitikie kama zamani.

Hakuitikia mtu.

Ziad aliitafuta aibu kifuani mwake, asiione. Akavuta kitabu kingine.

"Niandike jina la nani?"